Thibitisha Kwamba Utarudi

Amboka wa saiba pale Luanda ana subira.
Anasoma swali, ananitazama, anangoja.
Jina kamili? Jendeka.
Ila kwenye cheti cha ubatizo ni Chendeka,
mchungaji aliandika alivyosikia.
Basi nikaenda kwa wakili, elfu moja mia tano,
nikaapa mbele yake kwamba mimi ni mimi.

Lengo la safari? Biashara.
Biashara gani? Sare za shule.
Kuna maonyesho ya mashine kule Istanbul,
moja inafuma sweta kumi kabla chai haijapoa.
Barua ya mwaliko ninayo, ina muhuri mwekundu,
nimeikunja mara moja tu, kwa heshima.

Taarifa ya benki, miezi sita.
Afisa, usiisome Septemba peke yake.
Septemba wazazi wamemaliza hela kwa karo
na mtoto anavaa sweta ya kaka yake.
Subiri Januari ndipo unihukumu.

Hati ya shamba?
Ina jina la Ayodi, babu wa mume wangu,
aliyezikwa mwaka wa sabini na nne.
Mpaka leo shamba ni lake.
Sisi tunalima tu.

Kisha Nairobi, ghorofa ya nne, kioo chenye mwanga wa kijani.
Bonyeza. Futa. Bonyeza tena.
Mashine haikuona kitu.
Vidole hivi vilichuma chai Nandi nikiwa msichana,
vikaja vikaingia kwenye uzi na pasi ya makaa
miaka ishirini na sita,
mistari yote ikaisha kama noti iliyofuliwa mfukoni.
Binti wa kaunta akatoa mafuta kwenye mkoba wake,
yananukia limau,
akanipaka kidole kimoja kimoja, akavibonyeza yeye,
kama anayemshika mtoto mkono aandike herufi ya kwanza.
Siku hiyo yote nilinukia limau.

Na lile swali la mwisho.
Thibitisha kwamba utarudi.
Nafasi waliyoacha ni mistari miwili.

Mistari miwili!
Mezani nimeacha mikono sabini ya sweta isiyo na miili.
Kaburi la mume wangu halijatiwa saruji.
Novemba ni zamu yangu kwenye chama,
na nimechangia za wenzangu kumi na moja.
Kageha ana deni langu, elfu nne na mia mbili,
nikikaa nje wiki tatu atasahau, namjua.
Shuleni tulikaririshwa: mwenda tezi na omo,
marejeo ni ngamani.
Sisi watoto wa mawe na vilima
hatukujua tezi, hatukujua omo,
lakini marejeo tuliyajua.

Amboka akaandika: *Nina familia na biashara nchini Kenya.*
Ikatosha mistari miwili.

Bahasha ilifika Kisumu, Jumanne.
Nikaifungua palepale, nimesimama, mvua inapiga mabati.
Karatasi moja, visanduku vingi, tiki moja:
hatujaridhika kuwa unakusudia kurejea.

Nikaikunja. Safari hii mara nne.
Nikanunua uzi wa kijani, koni sita,
maana Kisumu ni nafuu,
nikarudi Luanda kabla ya saa kumi.
Hata Nairobi nilikuwa nimerudi,
basi la usiku, alfajiri nimeshuka kwenye tope,
nikafungua kufuli kwa vidole visivyosomeka,
na ile mikono sabini ilikuwa imelala mezani
kama watu waliochoka kupungia.

Jana nimepita kwa Amboka.
Anasema mwaka ujao tunaweza kujaribu tena,
ila fomu ina swali ambalo mwanzo tuliliruka:
Umewahi kunyimwa viza?
Ananitazama, anangoja.

Andika ndiyo, Amboka.
Halafu chini yake, kama kuna nafasi,
andika tarehe ya leo
na mahali nilipo.